Ng'ombe Wanane Barazani kwa Chifu

Festo Kivengere, aliyekuja kuwa askofu wa Kigezi, alipenda kusimulia kisa cha ng'ombe wanane. Alikuwa bado kijana huko kusini-magharibi mwa Uganda, na jamaa yake mmoja alikuwa chifu. Siku moja chifu akiwa barazani na wazee wake, alitokea mtu akiswaga ng'ombe wanane. Akawaacha nje, akasogea mbele, akatoa heshima, kisha akaeleza kwamba ng'ombe wale ni mali ya chifu. Zamani alipokuwa mchungaji wake aliiba wanne. Wamezaana, sasa wamefika wanane, naye amewarudisha wote.

Chifu akauliza ni nani aliyemkamata. Mtu yule akajibu kwamba aliyemkamata ni Yesu. Akaongeza kuwa yuko tayari kwa viboko au kifungo, kwani kwa mara ya kwanza maishani mwake anajiona yu huru. Baraza zima likanyamaza. Chifu hakujua la kumfanya, akamwambia awaache ng'ombe aende zake nyumbani.

Baada ya siku chache Kivengere alimtania jamaa yake kuhusu bahati ya kupata ng'ombe wa bure. Chifu hakucheka. Alisema tangu mtu yule aondoke, yeye halali usiku. Kama angetaka amani aliyoiona usoni pa yule mwizi, ingembidi naye arudishe ng'ombe mia.

Mwizi huyo alikuwa mmoja wa maelfu ya watu walioguswa na Uamsho wa Afrika Mashariki, vuguvugu la Kikristo lililowaka Rwanda na Uganda katika miaka ya 1930, likavuka hadi Kenya, Tanganyika, Burundi na Kongo. Wafuasi wake ndio waliotupatia neno mlokole. Leo neno hilo hutumika kwa kila Mkristo anayesema ameokoka, lakini walokole wa kwanza walikuwa na desturi yao mahususi. Waliamini kwamba mtu hawezi kudai anamtii Mungu huku ameshika mali ya jirani, deni asilolipa au kinyongo asichokisema. Kwao mapenzi ya Mungu yalihusu ng'ombe fulani, fedha fulani, na mtu fulani wa kuombwa radhi.

Vuguvugu lenyewe lilianza na watu wawili waliochoka. Wa kwanza alikuwa Simeoni Nsibambi, Muganda aliyezaliwa mwaka 1897, aliyehudumu katika kikosi cha tiba wakati wa Vita Kuu ya Kwanza na baadaye akafanya kazi katika idara ya afya ya serikali. Alikuwa na matumaini ya kwenda kusoma ng'ambo. Nafasi hiyo ilipomponyoka, alihuzunika sana. Baadaye alisimulia kwamba Mungu ndiye aliyemwonyesha jinsi masomo hayo yalivyo madogo mbele ya uzima wa milele. Aliacha kazi ya mshahara, akavua viatu, akawa mtu wa kanzu aliyeshinda kilimani Namirembe, Kampala, akiwauliza wapita njia kuhusu hali ya roho zao. Hakupata kuwa kasisi, na wala hakuomba ukasisi. Mwanawe mmoja, Apolo Nsibambi, alikuja kuwa Waziri Mkuu wa Uganda kuanzia 1999 hadi 2011.

Wa pili alikuwa Joe Church, daktari Mwingereza aliyefika Rwanda mwaka 1928 kufanya kazi katika hospitali ya misheni ya Kianglikana huko Gahini, kando ya ziwa Muhazi. Alikuta njaa kali ikiwamaliza watu wa mashariki mwa nchi. Mwaka uliofuata alikwenda Kampala kupumzika akiwa hoi mwilini na rohoni. Hapo Namirembe, Septemba 1929, alikutana na Nsibambi, aliyekuwa amesimama karibu na pikipiki yake. Wakakaa pamoja siku mbili wakichambua Biblia, wakifuatilia aya moja baada ya nyingine juu ya Roho Mtakatifu, kisha wakaomba. Church alirudi Gahini akiwa mtu mwingine.

Tuangalie walivyokaa watu hawa wawili. Mzungu na Mwafrika walikuwa wameketi meza moja, kila mmoja akikiri upungufu wake, chini ya utawala wa kikoloni, ambamo mmisionari alikuwa bwana, mwalimu na mwajiri kwa wakati mmoja. Jambo hilo lilikuja kuwa alama ya Uamsho na pia kero yake kubwa. Katika mikutano ya ndugu, kama walivyoitana, wamisionari walisimama mbele ya Waafrika na kuungama majivuno na ubaguzi wao. Wamisionari wenzao wengi walishtuka. Waliona heshima ya Mzungu inamwagwa hadharani.

Gahini yenyewe haikuwaka siku moja. Dresa mkuu wa hospitali, Yosiya Kinuka kutoka Ankole, alikuwa hapatani na Church. Alitumwa Kampala kuonana na Nsibambi, akalalamika juu ya hali mbaya ya hospitali. Nsibambi alimgeuzia swali: huenda chanzo ni dhambi yake mwenyewe? Kinuka aliondoka amekasirika, lakini njiani alilitafakari jambo hilo mpaka likamshinda, na alipofika Gahini alikuwa ameamua kuanza upya. Mdogo wake Nsibambi, Blasio Kigozi, naye alikuwa amekwenda Gahini mwaka 1929 kufundisha, akaishia kusimamia shule ya kuwaandaa wainjilisti.

Mwishoni mwa Desemba 1933 kulikuwa na mkutano wa maombi hapo Gahini. Ulikwenda kwa utulivu wa kawaida mpaka mtu mmoja alipoinuka na kuungama dhambi zake waziwazi. Mwingine akafuata, kisha mwingine, na maungamo yakaendelea kwa saa nyingi. Kuanzia hapo mambo hayakurudi kama yalivyokuwa. Waliotubu walianza kurudisha vitu walivyokuwa wamevichukua kwa waajiri, kwa majirani na kwa ndugu zao. Waliokuwa hawasemezani walitafutana.

Kigozi aliona kwamba haya hayapaswi kuishia Gahini. Mwaka 1935 alijifungia kwa siku kadhaa katika maombi, akatoka na kuanza kuwaomba radhi watu wake wa karibu, mke wake akiwa miongoni mwao. Septemba mwaka huo alikuwa mmoja wa walioongoza mkutano wa Kabale, ambao ulipenyeza Uamsho hadi katika vilima vya Kigezi. Alialikwa kuhutubia sinodi ya Kanisa la Uganda mwanzoni mwa 1936. Aliandaa hoja zake: kwa nini kanisa limepoa, na kwa nini watu wanaojulikana kuishi katika dhambi wanakaribishwa mezani pa Bwana. Kabla hajazitoa alishikwa na homa ya papasi, akafariki Kampala tarehe 25 Januari 1936. Hoja zake zilifikishwa mbele ya sinodi bila yeye, na wito wake wa kanisa kuamka ukaenea kuliko ambavyo yeye mwenyewe angeweza kuufikisha.

Desturi ilijijenga haraka. Ndugu walikutana katika vikundi vya ushirika, mara nyingi alfajiri au jioni, bila kungoja kasisi. Mtu alisimama akashuhudia: nilikuwa hivi, Yesu akanionyesha hili, nikafanya hivi. Ushuhuda usio na tendo ulitiliwa shaka. Aliyesema ametubu wizi aliulizwa amerudisha nini. Aliyesema ameacha ulevi aliulizwa pombe iliyobaki nyumbani ameifanyaje. Walikiita kitendo hicho kutembea nuruni, wakifuata waraka wa kwanza wa Yohana. Mtu alipomaliza, wenzake walimwimbia Tukutendereza Yesu kwa Kiganda, wimbo ambao mpaka leo Wakristo wengi wa Kenya, Rwanda na Tanzania wanaujua kwa moyo hata kama hawajui neno jingine lolote la lugha hiyo.

Furaha ilikuwa sehemu ya ushahidi. Watazamaji wa nje waliona maungamo na machozi wakadhani ni dini ya huzuni. Walioingia walishuhudia kinyume chake: mtu aliyeshusha mzigo alikumbatiwa, wakacheka, wakaimba mpaka usiku. Machifu wa Kigezi walipeleka malalamiko serikalini juu ya kelele hizo za usiku. Ndugu walipokutana tena Kabale mwaka 1945 kuadhimisha miaka kumi, kauli mbiu yao ilikuwa kwamba Yesu anatosheleza. Hawa walikuwa wakulima, walimu wa shule za vijijini na watumishi wa hospitali. Mali yao ilikuwa ndogo, tena wengine walikuwa wametoka kuirudisha nusu yake.

Kivengere alijiunga nao mwanzoni mwa miaka ya 1940, akiwa mwalimu kijana aliyependa pombe na aliyeipa dini kisogo. Rafiki yake alimfuata kwa baiskeli siku moja ya Jumapili, akamwambia kuwa muda mfupi uliopita amekutana na Yesu, akamwomba msamaha kwa mambo waliyoyatenda pamoja. Kivengere hakupata amani mpaka naye alipopiga magoti usiku huohuo.

Lakini kazi ndiyo kwanza ilikuwa inaanza. Kulikuwa na Mzungu mmoja, akiishi umbali wa maili 50, ambaye Kivengere alimchukia kwa dhati. Alihisi anaagizwa kumwendea. Alibishana na agizo hilo. Mtu yule ndiye aliyekuwa na makosa, au ndivyo alivyoona. Mwishowe alipanda baiskeli. Anayezijua barabara za Kigezi atakumbuka kwamba huko maili 50 ni milima mitupu: unasukuma baiskeli kupanda, unashika breki kushuka. Alifika mlangoni akitetemeka, akaeleza kwamba alikuwa akimchukia mwenyeji wake, kwamba sasa Kristo amembadilisha, na kwamba amekuja kuomba msamaha. Mzungu yule alitokwa na machozi. Wawili hao wakakumbatiana.

Utii wa namna hii ulikuwa na makali ya pande mbili. Mtu aliyezoea kumwuliza Mungu kila asubuhi afanye nini hakuwa rahisi kuongozwa na mkubwa wa kanisa. Jambo hilo lilidhihirika Oktoba 1941 katika Chuo cha Askofu Tucker, Mukono, walikoandaliwa makasisi wa Uganda. Wanafunzi walokole, William Nagenda akiwa kinara wao, walikuwa wakiamka saa kumi alfajiri kuomba na kuhubiri. Walisema wazi kwamba chuoni kuna wizi na uasherati, na kwamba mafundisho yanayotolewa yanadhoofisha imani katika msalaba. Mkuu wa chuo alipiga marufuku mikutano ya alfajiri. Walikataa kuiacha. Wanafunzi 26 walifukuzwa.

Wengi walitegemea kwamba Uamsho ungejitenga na kuunda kanisa lake, kama ilivyotokea mahali pengi barani Afrika. Haukujitenga. Nagenda na wenzake waliamua kubaki ndani ya Kanisa la Uganda, wakiingia ibadani Jumapili na kuendelea na ushirika wao siku nyingine. Nagenda hakuwekewa mikono ya ukasisi, lakini mwaka 1947 alisafiri na Church na Kinuka hadi Uingereza. Mhubiri mmoja wa huko, Roy Hession, alibadilishwa na ziara hiyo, na kitabu alichokiandika baada yake, The Calvary Road, kilieneza mafundisho ya walokole katika lugha nyingi. Kisha tarehe 15 Mei 1955, Askofu Mkuu wa Canterbury, Geoffrey Fisher, alipowaweka wakfu maaskofu wanne Waafrika katika kanisa kuu la Namirembe, miongoni mwao walikuwamo watoto wa Uamsho: Obadiah Kariuki wa Kenya na Yohana Omari wa Tanganyika. Ilikuwa imepita miaka 14 tu tangu vijana wa Mukono wafungashiwe virago.

Kariuki alitoka katika nchi ya Wakikuyu, ambako utii huo ulikuwa tayari umepimwa kwa damu. Serikali ya kikoloni ilitangaza Hali ya Hatari tarehe 20 Oktoba 1952. Wapiganaji wa Mau Mau walikuwa wakiwaapisha watu usiku. Kiapo kilihusisha damu ya mbuzi, na ndugu wa Uamsho walisema wamekwisha kushiriki damu ya Kristo, hawawezi kuchanganya. Waliokataa walipigwa, wengine wakauawa. Upande wa pili, serikali iliwataka washike silaha pamoja na hom gadi, wanamgambo wake. Ndugu wengi walikataa hilo pia. Walisema hawawezi kumhubiria mtu mchana na kumwinda usiku. Maofisa wa serikali walikasirika, majirani wakawaona wasaliti, nao wakabaki katikati bila ngome wala bunduki.

Msimamo huo una wakosoaji wake hadi leo. Mau Mau walipigania ardhi iliyoporwa, na wapo Wakenya wanaouliza kama kukaa pembeni hakukuwa kumsaidia mkoloni. Ni swali halali. Hata hivyo, mtu aliyekataa bunduki ya serikali wakati serikali ndiyo iliyokuwa na nguvu hakuchagua njia ya kujinufaisha.

Kumbukumbu ya ndugu waliouawa ipo Murang'a, katika kanisa kuu la Mtakatifu Yakobo na Mashahidi Wote. Ndani yake, msanii Elimo Njau, mzaliwa wa Marangu huko Kilimanjaro, alichora ukutani picha tano kubwa za maisha ya Yesu katika nusu ya pili ya miaka ya 1950. Yesu wake ni Mwafrika. Anazaliwa katika mandhari ya Kikuyu, anabatizwa katika mto wa huko, anasulubiwa juu ya mabonde ambayo waumini wanayaona wakitoka mlangoni. Kwa waliozika ndugu zao miaka michache tu kabla, picha hizo hazikuhitaji maelezo.

Huko Tanganyika, Uamsho uliingia kwa njia ya Bukoba na kwa njia ya walimu. Kivengere mwenyewe alifundisha Dodoma tangu miaka ya 1940 hadi 1959, akakinoa Kiswahili chake huko, na mwaka 1960 akamtafsiria mhubiri Mmarekani Billy Graham alipohubiri katika nchi hiyo. Miongoni mwa Wahaya wa Bukoba, Uamsho uliwagusa Walutheri pamoja na Waanglikana. Ndiko alikotoka Josiah Kibira, askofu wa Kilutheri ambaye mwaka 1977 alikuwa Mwafrika wa kwanza kuchaguliwa kuwa rais wa Shirikisho la Kilutheri Duniani.

Mwaka huohuo wa 1977 Uganda ilishuhudia mtihani mwingine. Askofu Mkuu Janani Luwum, Mwacholi aliyeokoka Januari 1948 akiwa mwalimu, aliongoza maaskofu kumwandikia Rais Idi Amin barua ya kulalamikia mauaji na unyanyasaji wa raia. Tarehe 16 Februari aliitwa Kampala pamoja na viongozi wengine wa dini, akazuiwa. Kivengere alikuwa miongoni mwa waliomngoja nje bila mafanikio. Serikali ilitangaza kwamba Luwum na mawaziri wawili, Erinayo Oryema na Charles Oboth Ofumbi, walikufa katika ajali ya gari. Hakuna aliyeamini. Kivengere na mkewe Mera walitoroka usiku kwa miguu kupitia milimani hadi Rwanda.

Akiwa uhamishoni London, wakati wa ibada ya Ijumaa Kuu mwaka huo, Kivengere aligundua kwamba moyo wake umejaa chuki dhidi ya Amin. Mwalimu aliyewahi kuendesha baiskeli maili 50 kuomba radhi alijua anatakiwa kufanya nini, ingawa safari hii hakukuwa na mlango wa kubisha. Alimsamehe Amin, akaandika kitabu kusema hivyo, na jina la kitabu hicho, I Love Idi Amin, liliwaudhi Waganda wengi waliokuwa wakizika watoto wao. Alirudi nyumbani mwaka 1979, baada ya majeshi ya Tanzania na wapiganaji wa Uganda kumng'oa dikteta huyo. Tangu 2015, tarehe 16 Februari ni sikukuu ya taifa ya Uganda kwa heshima ya Luwum.

Historia ya walokole ina kurasa nyingine ambazo haziimbwi sana. Desturi ya kuuliza amerudisha nini iliweza kugeuka kuwa orodha ya marufuku. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 kundi la Waganda lililoongozwa na Yona Mondo lilishika kwamba mlokole asiwe na deni la aina yoyote, na ushirika ukapasuka kati ya waliokubali na waliokataa. Wazee waliokuwa wamefukuzwa Mukono kwa kudai uhuru wa Roho walijikuta wakijadili kama kukopa benki ni dhambi.

Ukurasa mzito zaidi ni wa Rwanda. Mwaka 1994, miaka 60 baada ya maungamo ya Gahini, mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi yalifanyika katika nchi ambayo idadi kubwa ya watu wake walikuwa Wakristo. Katika parokia ya Rukara, jirani na Gahini, watu waliokimbilia kanisani waliuawa humohumo. Wakuu kadhaa wa makanisa, Waanglikana wakiwamo, walikuwa wandani wa serikali. Walikuwapo Wakristo waliokufa kwa kuwaficha jirani zao, na kabla yao, Januari 1964, mchungaji Yona Kanamuzeyi wa Nyamata aliuawa kwa sababu ya kuwahudumia Watutsi waliofukuzwa makwao. Lakini wanahistoria wa kanisa wameuliza kwa nini desturi iliyoweza kumfanya mtu arudishe ng'ombe mmoja haikuwafundisha watu wa kutosha kuungama chuki ya kabila zima. Jibu mojawapo ni kwamba ushirika ulizoea dhambi zenye mwenyewe: huyu ameiba, huyu amezini, huyu amesema uongo. Dhambi ya sheria, ya kitambulisho chenye jina la kabila, ya hotuba ya redioni, haikuwa na mtu mmoja wa kusimama na kuikiri.

Kibira aliligusa suala hilo mapema. Katika kitabu chake cha mwaka 1974 kuhusu kanisa, ukoo na ulimwengu, alichunguza ukoo wa Kihaya na jinsi unavyomfunga mtu kwa watu wake katika ndoa, msiba na urithi, akauliza kama kanisa linaweza kuwa ukoo wa aina hiyo kwa watu wasio wa damu moja. Alikuwa ameona ushirika wa Uamsho ukifanya kazi hiyo Bukoba: mgeni alipokewa, maiti ilizikwa, mjane alilimiwa shamba na ndugu ambao miaka michache nyuma hawakumjua. Vikundi hivyo vinaendelea kukutana katika mitaa na vijiji vya Kagera, Murang'a na Kigezi, sehemu nyingi vikiongozwa na wazee na akina mama. Huko kungali na watu wanaosimama kushuhudia, na wenzao wangali wanawauliza wamerudisha nini.